Glasi Yenye Mvi

Watu wa mtaa ule walimwita Bwana Doa, na hakuna aliyemwonea. Huyu alikuwa mtu ambaye ukimpa mkono anakagua kucha zako kabla hajaitikia salamu. Alichora glasi kwa mashine ya leza, kazi yake ilisifika, na ubishi wake ungetosha kugawiwa mtaa mzima na ukabaki. Chini ya meza yake palikuwa na ndoo ya bati. Glasi ikitoka na kosa, hata lile kosa ambalo mteja mwenyewe angehitaji kuonyeshwa kwa kidole, Bwana Doa aliitia ndooni na kuigonga kwa nyundo palepale, mteja akitazama. Kazi mbaya, alisema, haivuki kizingiti changu. Alijivunia sana maneno hayo, na aliyarudia hata mbele ya watu ambao hawakumuuliza kitu.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chembamba, upande huu fundi cherehani, upande ule muuza bawaba na vitasa. Mashine ilikaa mwisho wa chumba, chini ya feni ya kuvuta moshi. Kando yake palikuwa na kompyuta ambayo skrini yake ilifutwa mara nyingi kuliko ilivyotumika.

Kuchora kioo kwa leza si sawa na kuchora mbao, na wengi huingia mkenge hapo. Mwale haukikati kioo. Unakipasha moto ghafla mpaka ngozi yake ya juu inapasuka vipande vidogo kuliko chembe za chumvi, na huo mpasuko ndio weupe tunaouona. Ukizidisha joto, vipande vinakuwa vikubwa, vinabanduka, na mchoro unabaki na makovu yanayokwaruza vidole. Ndiyo maana Bwana Doa alikuwa na taratibu zake. Aliifuta glasi kwa spiriti na hakuishika tena ila kwa kitambaa. Kisha aliipaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, safu nyembamba tu, ipunguze makali ya joto. Nguvu ya mashine aliiweka ndogo, na nukta zinazopigwa na mwale hakuziacha zibanane. Kazi ikiisha aliisugua kwa mswaki chini ya maji, ili kila chembe iliyolegea itoke hapohapo dukani na isingoje kutokea kwenye mdomo wa mteja. Na kama ni picha ya mtu, aliigeuza kwanza kwenye kompyuta, cheusi kiwe cheupe na cheupe kiwe cheusi, kwa sababu leza huacha weupe kila inapogusa. Ukisahau kuigeuza, nywele nyeusi zinatoka nyeupe. Hilo hata fundi aliyeanza juzi analijua.

Dada yake alikuja asubuhi moja, sakafu ikiwa bado haijakauka. Alikuwa mkubwa wake kwa mbali. Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyemwogesha na kumpeleka shule akimshika mkono, kwa hiyo mpaka leo Bwana Doa, mtu mzima mwenye kitambi chake, alisimama kila alipomwona akiingia mahali. Mtoto wa pekee wa dada huyu alikuwa amefariki mwaka uliopita. Homa, hospitali, siku chache, basi. Kijana alizikwa na nywele zake nyeusi tii, hata mke alikuwa bado hajaoa.

Dada aliketi kwenye kigoda, akafungua pochi, akatoa picha. Ilikuwa picha ya karatasi, na kona moja ilikuwa imepauka kabisa.

"Nimeishika mpaka inafutika," alisema. "Kila nikikaa naitoa, naipitisha kidole. Sasa ona, bega limeshaondoka. Nikiendelea nitafika usoni."

"Usiishike, dada."

"Mwanangu nisimshike? Wewe nichoree kwenye glasi. Karatasi inaliwa, kioo hakiliwi. Nataka kitu ninachoweza kukishika, nikakiosha, nikakishika tena."

Bwana Doa aliipokea picha kwa vidole viwili, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, kwa sababu hakuitazama. Tangu siku ya mazishi alikuwa hajathubutu kuutazama uso ule. Mpwa wake alizoea kupita dukani kila jioni, anaegemea mlango, anaita "Mjomba, umeshaona madoa mangapi leo?" kisha anacheka peke yake. Bwana Doa alikuwa akijitia kukasirika. Sasa mtu akimwonyesha picha ya kijana yule, macho yake yanatafuta pa kukimbilia, ukutani, sakafuni, popote. Msiba wa dada yake ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini wa kwake aliufungia ndani, na msiba uliofungiwa ndani hauna adabu.

Basi akaiingiza picha kwenye kompyuta huku ameinamisha kichwa. Alipima kwa rula, akaangalia kingo za picha, akaangalia saa ya ukutani. Aliangalia kila kitu isipokuwa uso. Alichagua glasi kubwa ya maji, iliyonyooka, yenye kitako kizito, akaifuta kwa spiriti, akailaza kwenye rola zinazoizungusha, akabonyeza. Chupa ya sabuni ilikuwa rafuni, imejaa, imetazamana naye. Picha ilikwenda kama ilivyo, bila kugeuzwa. Mtu ambaye hangesahau kufuta kitasa alisahau vyote viwili kwa mpigo.

Masikio yake yalijua kabla yake. Glasi yenye sabuni huimba taratibu ndani ya mashine. Hii ilikuwa ikitatarika kama chumvi kwenye kikaango. Aliusikia ule mlio na akaelewa kuna kitu hakiko sawa, lakini kusimamisha mashine maana yake ilikuwa kufungua kifuniko na kutazama, na hakuwa tayari. Akaanza kumsimulia dada yake habari za muuza bawaba, jinsi anavyopiga nyundo mchana kutwa bila huruma. Dada alimsikiliza kwa upole, macho yake yakiwa kwenye mashine.

Kazi ilipoisha hakuwa na pa kujificha tena. Alifungua, akaitoa glasi, akainyanyua kwenye mwanga. Nywele nyeupe pe. Palipopaswa kuwa safi na laini pamebanduka, vipande vingine vikubwa kama punje ya mtama. Aliona kosa la sabuni, akaona kosa la picha, na baada ya hapo hakuona kingine.

"Nipe," alisema dada yake.

Kabla hajakataa, ile glasi ilikuwa imeshatoka mkononi mwake. Dada aliifuta kwa ncha ya mtandio, akaishika mbele ya gauni lake, ambalo lilikuwa jeusi bado, na mchoro ukajitokeza wote. Aliuinamia, mdomo wake umefunguka kidogo, na kidole gumba kikapita taratibu pembeni mwa macho ya yule mtu wa kwenye kioo.

"Dada, nisamehe," Bwana Doa alisema. "Hii ni aibu. Usimtazame hivyo, nakutengenezea nyingine sasa hivi."

"Mwache kwanza."

"Tena utajikata. Na hii hata ukienda nayo haidumu. Kila ukiiosha itabanduka, leo jicho, kesho pua."

"Ngoja kidogo, mdogo wangu."

"Kazi kama hii haivuki kizingiti changu. Hata kwako. Hasa kwako."

Alimnyang'anya. Alifanya kwa upole, lakini kunyang'anya ni kunyang'anya. Akaitia glasi ndooni, akachukua nyundo, akaigonga mara moja tu, kwa ustadi uleule aliofanyia kila kitu. Laiti angekuwa anamtazama dada yake badala ya ndoo. Angeona mkono ulionyanyuka kutoka gotini, ukasimama hewani, kisha ukarudi chini polepole.

"Haya," alisema dada.

Glasi ya pili Bwana Doa aliifanya kwa udi na uvumba. Alipiga moyo konde, akautazama uso wa mpwa wake kwenye skrini, akaugeuza ipasavyo, akalainisha vivuli. Macho yalimlowa na hakujali. Alipaka sabuni, akapunguza nguvu, akasikiliza mashine ikiimba inavyotakiwa kuimba. Akasugua kwa mswaki, akasuuza, akakausha, akapitisha kidole na kidole hakikukwama popote. Kijana alitokea mle ndani ya kioo vilevile alivyokuwa, nywele nyeusi, shavu laini, ule mdomo wa mtu anayekaribia kukutania. Kusema kweli ilikuwa kazi bora kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye mashine ile.

"Mikono yako ina baraka," dada alimwambia, kama ambavyo angemwambia mtu yeyote aliyemfanyia jambo. Aliifunga glasi kwenye mtandio akaondoka.

Haukupita muda fundi cherehani alichungulia mlangoni, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Mama huyu alikuwa na mdomo, na mtaa mzima ulimpenda kwa sababu hiyo.

"Bwana Doa, dada yako ana nini? Amesimama pale kwangu ananiuliza vioo vyako vilivyovunjika huwa vinatupwa wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambieje? Vinakwenda na gari la taka kama vya watu wengine. Au vyako vina makaburi yao?"

"Mtu mwenye msiba huuliza mengi," alisema Bwana Doa, akaendelea kufuta meza. Kesho yake gari la taka lilipita, ndoo ikamwagwa, ikarudi chini ya meza ikiwa tupu.

Alikwenda kumtembelea dada yake baada ya majuma kadhaa. Hakuficha kwamba alikwenda pia kuitazama kazi yake. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imewekewa kitambaa cheusi nyuma ili picha ionekane, inang'aa. Aliichukua, akaipitisha kidole, akaiinua dirishani. Alishindwa kujizuia.

"Unaona, dada? Imeoshwa mara ngapi hii? Haijatoka hata chembe."

"Haitatoka?"

"Thubutu. Mimi na wewe tutakufa, yeye atabaki hivihivi."

Dada yake alikuwa anamimina chai. Alimaliza kumimina, akafunika chupa, akakaa.

"Ndiyo," alisema. "Hivihivi."

Bwana Doa hakuwa mwepesi wa mambo ya watu, lakini alimjua dada yake. Akairudisha glasi kabatini na kusubiri.

"Yule wa kwanza alikuwa na mvi," alisema dada.

"Lile lilikuwa kosa. Nilisahau kuigeuza picha, ndiyo maana nywele..."

"Najua lilikuwa kosa, usinifundishe. Nimekuosha makalio mimi." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Nilimzaa, nikamlea, nikamzika. Kitu ambacho sikuwahi kutegemea ni kumwona mzee. Hicho mama hakioni hata mwanawe akiishi, maana yeye anatangulia. Sasa pale dukani kwako nikamwona. Kichwa chote cheupe. Nyusi nyeupe. Macho yameingia ukungu kama ya marehemu baba alipopata mtoto wa jicho. Na mikunjo hapa pembeni, na shavu moja limechoka. Mzee wa watu, ana heshima zake. Nikasema moyoni, kumbe ungekuwa hivi. Kumbe ungefanana na baba. Nilitaka kumtazama kidogo tu, mdogo wangu. Ukamchukua."

Bwana Doa alisogeza kikombe chake pembeni. "Lakini dada, nilikwambia. Angebanduka. Kila ukiosha angepungua."

"Si ndiyo uzee huo? Watu wanapunguaje? Angepungua polepole, mikononi mwangu, mimi nikimwona. Huyu wa kabatini ni mzuri, nakushukuru. Lakini huyu ndiye yuleyule niliyemzika. Kila asubuhi nafuta vumbi, naye hajasogea hata siku moja."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Bwana Doa alirudi dukani akitembea kwa miguu, akapishana na watu waliomsalimu bila kuwaona. Miaka yote aliamini kwamba kuvunja kilichoharibika ni heshima kwa mteja. Sasa aliona kwamba ilikuwa heshima kwake mwenyewe, na mteja alikuwa amekalia kigoda anatazama.

Siku iliyofuata alijaribu kulirudia kosa. Alifungua picha ya mpwa wake, akaiacha bila kuigeuza. Akaiacha chupa ya sabuni rafuni. Akaweka nguvu ileile, akatumia glasi ya aina ileile, akabonyeza, na safari hii aliukodolea macho ule uso tangu mwanzo mpaka mwisho. Nywele zilitoka nyeupe, kweli. Lakini kioo kilibanduka puani na kidevuni, na pembeni mwa macho palikuwa laini tu. Akafanya nyingine. Ikabanduka kwenye paji la uso, ikampa kijana kovu la mtu aliyepigwa jiwe. Akafanya nyingine tena, na nyingine. Kazi safi ina vipimo vyake, unaweza kuirudia mpaka uchoke. Kosa halina vipimo. Kioo kinabanduka pale kinapotaka, na kikishataka mara moja hakitaki tena vilevile.

Alifika mahali pa kuchukua sindano ya chuma na kuchora mikunjo kwa mkono, yeye Bwana Doa, ambaye aliwahi kumfukuza mteja kwa kumwomba aongeze nukta moja kwa msumari. Fundi cherehani alikuja kuomba maji ya pasi, akazikuta zile glasi zimepangwa mezani.

"Hawa ni nani wote?"

"Mpwa wangu akiwa mzee."

Mama yule aliinama, akatazama moja baada ya nyingine. Alipoinuka hakuwa na mzaha usoni. "Huyu hajazeeka, jirani. Huyu kamwagikiwa unga." Kisha akaona zile glasi mbovu zote ziko mezani na ndoo ni tupu, akakumbuka na mtu mwenyewe ni nani, akaondoka bila kudai maji yake.

Bwana Doa alichagua ile iliyokaribia kufanana na mzee. Alijua haijafika, ila alijiambia liwalo na liwe, pengine jicho la mama litakamilisha lililobaki. Akaifunga vizuri, akaenda nayo kwa dada yake.

Dada aliipokea kwa mikono miwili. Aliifuta kwa mtandio, akaishika mbele ya gauni kama siku ile, akaiinamisha huku na huku. Bwana Doa alikaa ukingoni mwa kiti, roho juu. Safari hii alimtazama dada yake, si glasi, na kwa hiyo aliona uso ukisubiri, ukisubiri, kisha ukaacha kusubiri.

"Huyu ni mwanangu kapakwa chokaa," alisema dada, na akacheka kidogo ili asimuumize.

"Ninaweza kufanya nyingine."

"Usifanye. Utamaliza glasi zote za mjini." Aliiweka mezani kwa uangalifu, uso ukiwatazama. "Nisaidie kitu kimoja tu. Naanza kumsahau yule mzee. Kila nikimkumbuka nahisi namwongezea mambo yangu. Lile shavu lililochoka, lilikuwa hili au hili?"

Aligusa shavu lake la kulia, kisha la kushoto.

"Na mdomo," aliendelea. "Alikuwa amenuna kama baba, au alikuwa anataka kucheka? Mimi nasema alikuwa anataka kucheka, lakini labda ni tamaa yangu. Niambie wewe. Tulimwona watu wawili tu duniani, mimi na wewe, na wewe una jicho."

Bwana Doa alifungua mdomo. Alikumbuka nguvu aliyoiweka kwenye mashine. Alikumbuka chupa ya sabuni ilivyokuwa imejaa, alikumbuka ukubwa wa vile vipande vilivyobanduka, mlio wake, uzito wa nyundo. Alitafuta shavu, akatafuta mdomo, akatafuta hata jicho moja la yule mzee, na kila alipotafuta alikuta makosa mawili tu, moja la sabuni na moja la picha. Angeweza kusema la kushoto. Dada yake angemwamini, na angeishi na shavu hilo mpaka siku zake ziishe.

"Sikumtazama, dada," alisema. "Nilikuwa naye mkononi, na sikumtazama."

Dada yake aliitikia kwa kichwa. Kisha akauweka mkono wake juu ya wa mdogo wake, akauacha hapo, na hakumuuliza tena.